Kuunganisha faiba ya nyumbani kwenye kompyuta ya zamani, hatua kwa hatua

Faiba imeshafika ukutani, simu za watoto zinacheza video bila shida, ila ile kompyuta ya mezani ya mtumba imegoma kabisa. Wengi wakifika hapo huipigia kampuni, au mbaya zaidi, hupandisha kifurushi. Mimi huanza upande wa pili: kama simu inapata intaneti kwenye ruta hiyohiyo, mkosaji ni kompyuta.

Ninazolenga hapa ni mashine kama Dell OptiPlex za Core 2 Duo, zile zinazouzwa sana Kariakoo zikiwa na Windows 7. Laptop za rika hilo zinafuata njia ileile. Andaa waya wa LAN wa Cat5e, bisibisi ya nyota, betri ya CR2032, flashi ya GB 8 na simu ya kupakulia vitu.

Hatua ya 1: Soma taa za boksi la faiba

Taa ya PON ikiwa ya kijani na imetulia, laini iko sawa. Ikiwaka LOS nyekundu, mwanga haufiki. Hapo ndipo pa kuipigia kampuni, na kompyuta usiiguse. Ule waya mwembamba wa faiba ndani yake ni kioo, kwa hiyo usiukunje kwenye kona ya kabati, wala usichomoe kichwa chake cha kijani ukakipangusa kwa shati. Na usichungulie ncha yake: mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Hatua ya 2: Tazama saa ya kompyuta

Ndiyo, kabla ya waya. Mashine iliyokaa stoo miaka mingi huwa betri yake ya saa imekufa, na kila ukichomoa umeme tarehe inarudi nyuma, hata 2009. Tovuti karibu zote siku hizi zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 inaona cheti hicho bado hakijaanza kazi, basi inakataa kufungua ukurasa na kukuonya kwamba muunganisho si salama. Mtu akiona onyo hilo anadhani mtandao ni mbovu, kumbe mtandao umefika vizuri.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `timedate.cpl`, kisha Enter. Weka tarehe na saa sahihi, na eneo la saa chagua UTC+03:00 Nairobi, ambalo linatufaa na sisi wa Dar. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri dakika chache, kisha iwashe tena. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, badilisha betri.

Kabla ya kuitoa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijapanda (kwenye Dell ni F2 wakati wa kuwaka), na upige picha kwa simu ule ukurasa wa mipangilio ya diski, unaoonyesha namna mashine inavyoongea na diski: AHCI, IDE au RAID. Mashine nyingine zikikosa betri husahau mpangilio huo, ukaiwasha Windows ikagoma kupanda, ukaanza kuitafuta diski mbovu ambayo haipo. Ukiwa na picha, unairudisha kama ilivyokuwa. Kisha chomoa umeme, fungua ubavu wa CPU, utaiona betri bapa kwenye madabodi. Sukuma kishikizo, itachomoka yenyewe. Mpya iingie upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu.

Hatua ya 3: Tumia waya

Najua kila mtu anataka Wi-Fi. Lakini OptiPlex hizi kwa kawaida hazina Wi-Fi, na laptop nyingi za rika lake zina kadi ya GHz 2.4 peke yake, ambayo mtandao wa GHz 5 haiuoni hata ukiiweka juu ya ruta. Poti ya waya, kwa upande wake, haijazeeka. Ya OptiPlex ni ya gigabiti. Hata laptop yenye poti ya Mbps 100, kifurushi cha Mbps 20 hakiijazi robo.

Chomeka upande mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye poti yoyote ya ruta iliyoandikwa LAN. Ile ndogo ya TEL ni ya simu ya mezani, achana nayo. Vitaa vya pembeni mwa poti ya kompyuta viwake. Visipowaka, jaribu poti nyingine, kisha waya mwingine.

Ukibana vichwa mwenyewe, mpangilio ni huu, kutoka kushoto, pini zikikutazama na ulimi ukiwa nyuma: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Spidi ya Mbps 100 hupita kwenye jozi ya chungwa na ya kijani tu, kwa hiyo poti ya gigabiti ikishika kwa Mbps 100 badala ya 1000, kague bluu na kahawia. Kwa kifurushi cha chini ya Mbps 100 lakini hutaona tofauti, usijisumbue kubana upya.

Hatua ya 4: Anwani, na masalia ya ofisi ya zamani

Windows na R tena, andika `cmd`, kisha ndani yake andika `ipconfig`. Ukiona anwani inayoanza na 192.168, ruta imeitambua kompyuta. Ukiona 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa, ikajipa yenyewe. Rudi kwenye waya au uzime na kuwasha ruta.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo huwapotezea watu siku nzima. Mashine za mtumba nyingi zilikuwa za ofisi huko ng'ambo, na kama muuzaji hakupiga Windows upya, zinakuja na mipangilio ya ofisi hiyo. Fungua `ncpa.cpl`, bonyeza kulia kwenye kadi ya mtandao, ingia Properties, kisha IPv4, na uchague kupata anwani na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kiotomatiki. Kisha fungua `inetcpl.cpl`, nenda Connections, halafu LAN settings, na uondoe tiki kwenye proksi, ile kompyuta ya kati ambayo ofisi ilipitishia intaneti yake. Proksi ya zamani ina dalili moja: `ping` (amri ya kwenye `cmd` ya kupima kama mtandao unajibu) inajibu vizuri, lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Kama `ncpa.cpl` iko tupu, draiva haipo. Chukua namba ya Service Tag iliyo kwenye stika ya CPU, iingize kwenye tovuti ya Dell kwa simu, pakua draiva ya mtandao, uihamishie kwenye kompyuta kwa waya wa USB.

Sasa jaribu `ping 8.8.8.8`, halafu `ping google.com`. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakataa, tatizo ni DNS, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwa mkono palepale kwenye IPv4.

Kampuni ikikupa jina la mtumiaji na nywila za PPPoE (njia ya kujitambulisha kwa kampuni ili upate intaneti), zinakaa kwenye ruta, si kwenye kompyuta. Mambo ya kubonyeza "unganisha" kila asubuhi yalikuwa ya enzi za modemu. Ukikuta ikoni ya aina hiyo, ifute.

Hatua ya 5: Kama waya haufiki

Nunua adapta ndogo ya USB ya Wi-Fi, na uichomeke kupitia waya mfupi wa USB ili itoke nyuma ya CPU. Nyuma ya bati, karibu na sakafu, mawimbi yanakufa. Kwenye ruta, upe mtandao wa GHz 2.4 jina lake peke yake, tumia ulinzi wa WPA2, na chaneli iwe 1, 6 au 11.

Hatua ya 6: Kivinjari

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome inaishia toleo la 109, na Firefox toleo la 115 ESR. Pakua hilo la Firefox kwa simu, maana Internet Explorer ya mashine hiyo huenda isifungue hata ukurasa wa kupakulia. Mambo ya benki usiyafanye humo.

Ushauri wangu ni kuhamia Linux Mint Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Core 2 Duo ni ya biti 64, inaikubali; RAM GB 2 inatosha kwa shida, 4 ni raha. Iandike kwenye flashi, washa kwa F12, uchague USB. Inafanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hapo unapata kipimo kizuri: intaneti ikipita kwenye Mint na ikagoma kwenye Windows, vifaa ni vizima.

Hatua ya 7: Kabla hujapandisha kifurushi

Pima spidi kwa waya. Ukipata karibu na ulicholipia na bado YouTube inaganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie prosesa wakati video inacheza. Ikiwa imegota 100%, faiba haihusiki: YouTube hupenda kutuma video zilizobanwa kwa mifumo mipya ya VP9 au AV1, na prosesa ya enzi hizo inazifungua kwa nguvu zake zote. Shusha hadi 480p, au weka kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari kilazimishe H.264, mfumo wa zamani ulio mwepesi zaidi.

Hela uliyotaka kuongeza kwenye kifurushi, nunulia RAM na SSD. Fungua CPU uone RAM iliyopo kabla ya kwenda dukani: OptiPlex 760 inatumia DDR2, 780 inatumia DDR3, na haziingiliani.