Kupanga krosova ya spika za gari: anzia mlangoni

Gari limetoka Japani na redio yake, haifiki hata FM 100. Umeing'oa, ukafunga redio mpya, spika za milango, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) na sabuufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 12. Sasa ukiongeza sauti milango inakwaruza, na mwimbaji anasikika kama amefungiwa kwenye buti. Kabla ya kurudi Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kutafuta spika nyingine, fungua menyu ya redio uangalie krosova.

Krosova hugawa kazi: kila spika hupewa masafa yake, ya chini (besi) au ya juu (sauti nyembamba). HPF huzuia masafa ya chini na kupitisha ya juu, LPF hufanya kinyume. Wengi huanza kupanga sabuufa kwa sababu ndiyo iliyowagharimu. Anza na spika za mlangoni, kwani ndizo zinazoelemewa kwanza. Masafa yakishuka kwa nusu, koni, ule uso wa spika unaotetemeka, lazima isogee mara nne ili sauti ibaki na nguvu ileile: inayosogea milimita 1 kwenye 80 Hz itadaiwa milimita 4 kwenye 40 Hz. Spika ya kawaida ya inchi 6.5 haina nafasi hiyo, na gitaa la besi la Lingala linashuka hadi 41 Hz. Mkwaruzo unaousikia ni koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, kugonga mwisho wa safari yake.

Kwa hiyo weka HPF 80 Hz kwa spika za inchi 6.5, ambazo milango mingi ya Toyota hupokea. Za inchi 4 zinataka 120 hadi 150, za 5.25 karibu 100, na zile za yai za 6x9 zinaweza kushuka hadi 60 au 70. Mteremko, yaani ukali wa kukata, uwe desibeli 12 kwa oktavu (kila masafa yanaposhuka kwa nusu). Kama spika ni za bei nafuu, au ni taksi inayopiga muziki kutwa nzima, chagua 24 au pandisha hadi 100 Hz.

Sabuufa sasa. LPF 80 Hz, mteremko 24 ukipatikana. Sauti ya mwanamume huanzia takriban 85 Hz, kwa hiyo ukiiacha sabuufa ifike 120 au 150, sehemu ya mwimbaji inahamia nyuma. Chini ya 80, sikio hutambua kwa shida besi inatoka upande gani. Hata kama milango umeikata 100, jaribu sabuufa kwenye 80 kwanza, kwa maana nafasi ndogo ya ndani ya gari yenyewe hukuza besi. Boksi lenye tundu linahitaji pia kichujio cha kuzuia masafa ya chini kabisa: kama limeundwa kwa 35 Hz, kata kwenye 30, la sivyo koni inarukaruka bila kizuizi na kukatika.

Kosa linalorudiwa sana ni kuchuja mara mbili. Ukipanga kwenye redio, swichi ya krosova kwenye amplifaya iwe OFF au FULL. Redio ndiyo bora: inaonyesha namba, ilhali kitufe cha kuzungusha cha amplifaya chenye alama ya 80 kinaweza kuwa kinakata penginepo kabisa.

Kisha cheza toni ya 80 Hz ukiwa kiti cha dereva, na ugeuze fezi ya sabuufa (kama koni yake inasukuma pamoja na za milango au kinyume) kati ya 0 na 180. Acha ile yenye sauti kubwa zaidi. Besi inayojaa buti na kupotea mbele mara nyingi ni fezi, wala haihitaji amplifaya kubwa.

Twita nyingi huja na kapasita kwenye waya, inayozuia masafa ya chini. Isome: gawanya 159,000 kwa zao la Hz na omu, upate mikrofaradi. Kwa twita ya omu 4, mikrofaradi 10 hukata karibu 4,000 Hz, lakini ile ya 3.3 hukata 12,000 Hz. Hapo twita inasema "tss" tu na maneno ya wimbo yanabaki mlangoni, usawa wa magoti. Badilisha kwa kapasita isiyo na chanya wala hasi, ya volti 50. Usishuke chini ya mara mbili ya masafa asilia ya twita, yanayoandikwa Fs kwenye karatasi yake. Yakiwa 1,800 Hz, anzia 3,600. Ukiiunganisha moja kwa moja bila kapasita wala krosova, itaungua mapema sana.

Mlango ukiendelea kutetemeka, cheza toni kuanzia 60 hadi 200 Hz huku umebonyeza paneli kwa kiganja. Ikinyamaza unapobonyeza, tatizo ni klipu zilizokatika au waya unaogonga bati, na hakuna namba ya krosova itakayoliponya. Kagua na kibao cha namba kwenye buti.