Kufumbua chemshabongo ya mafumbo, hatua kwa hatua

Chemshabongo ya kawaida hukuuliza maana ya neno, nawe ukajaza. Hii ninayotaka kukufundisha ina vidokezo vyenye uso na tumbo. Usoni ni sentensi inayosomeka kama habari za mtaani. Tumboni mna maelekezo ya kulijenga jibu, herufi kwa herufi. Mwandishi wa habari Arthur Wynne alichapisha chemshabongo yake ya maneno katika gazeti la New York World, Marekani, tarehe 21 Desemba 1913, na miaka ya 1920 Waingereza wakaigeuza kuwa mchezo huu wa mafumbo. Kwa sisi tuliolelewa na "Kitendawili!" "Tega!", ugeni wake si mkubwa.

Tutatumia vidokezo sita vya mraba aliotuletea mwalimu mmoja mstaafu kijiweni kwetu, Barabara ya 8, Ngamiani, hapa Tanga. Aliuchora kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda, akaubandika ukutani karibu na muuza kahawa. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu.

1 mlalo: Samaki wamevurugika majira ya mvua kubwa (6)
4 mlalo: Zurura na kitambaa cha jahazi (5)
9 mlalo: Alipwe zawadi anayemficha mwenye mikono minane (5)
1 wima: Lima kinyume upate utajiri (4)
2 wima: Kata ni nyuzi za mkonge (6)
3 wima: Bwaga moyo bila mwanzo wa wimbo, utafika mji wa pwani (8)

Hatua ya kwanza: tafuta maana pembeni

Maana ya jibu hukaa mwanzoni kabisa mwa kidokezo au mwishoni kabisa. Haikai katikati. Derrick Macnutt, Mwingereza aliyetunga kwa jina la Ximenes, alilishikilia sana jambo hili: kidokezo cha haki kina maana sahihi, kina njia ya kulijenga neno, na hakina kitu kingine. Kila neno lina kazi. Kwa hiyo soma kidokezo mara moja kwa ajili ya hadithi, kisha isahau hadithi hiyo, uanze kupima ncha zake mbili. Kwenye 1 wima, ncha moja ni "lima", nyingine ni "utajiri".

Kiswahili kinakupa msaada ambao Mwingereza hana. Karibu maneno yetu yote huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina herufi tano tu za kubahatisha. Maana ikiwa ya wingi, jaribu WA, VI, MI au MA mwanzoni. Vitia kwa penseli, vifute visipokubali.

Hatua ya pili: tafuta neno linaloamrisha

Ndani ya kidokezo mara nyingi mna neno linalokuambia ufanye nini na herufi. "Wamevurugika", "wametawanyika" au "shaghalabaghala" ni amri ya kuzipanga upya. "Anaficha" au "ndani ya" ni kwamba jibu limelala humo humo. "Bila" inapunguza. "Kinyume" nitaieleza, maana ndiyo iliyonikwaza.

Nilipofika 1 wima niliona "utajiri", visanduku vinne, nikaandika PESA kwa kalamu ya wino. Sikujiuliza "lima kinyume" inafanya kazi gani. Kuanzia hapo 1 mlalo lilitakiwa lianze na P, na mimi sijui majira ya mvua yanayoanza na P. Nilikaa na kona ile mpaka kahawa ikapoa.

Aliyeifungua ni mzee mmoja mvuvi wa Sahare. Nilimwamkia, nikamsomea kidokezo. Akasema, "Mwanangu, mvua kubwa ni masika, hakuna jingine. Sasa hesabu herufi."

Nikaziandika herufi za SAMAKI kwa duara, si kwa mstari. Fanya hivyo na wewe, kwa sababu neno likiwa kwenye mstari jicho linaendelea kulisoma lile lile. Halafu nikakata moja moja: M ipo, A ipo, S ipo, I ipo, K ipo, A ya pili ipo. Duara likabaki tupu. MASIKA! "Wamevurugika" ndiyo amri, "samaki" ndiyo mali ghafi, "majira ya mvua kubwa" ndiyo maana. Hakuna neno lililobaki bila kazi, na hapo ndipo unapojua kwamba umepata, wala si kwamba limeenea tu kwenye visanduku.

M hiyo ikaiondoa PESA. Nikarudi kwenye "kinyume" kwa akili ya pwani. Ukigeuza herufi za LIMA unapata AMIL, ambalo si neno. Lakini kinyume walichokuwa wakisema bibi zetu, watoto tusielewe, kilikuwa cha silabi: ya mwisho inakuja mbele. Li-ma, ma-li. MALI. Kwa mtindo huo huo, Tanga yetu ikisemwa kinyume ni ngata, ile ya kuwekea mzigo kichwani. Angalia kwamba NG haikutengana, kwa sababu silabi ni ta-nga. Mtunzi wa Kiswahili akiandika "kinyume", anza na silabi ndipo ujaribu herufi.

Hatua ya tatu: panda kwa herufi ulizopata

Herufi ya tano ya MASIKA ni K, nayo inaanza 2 wima. "Kata ni nyuzi za mkonge." Hapa hakuna amri yoyote. Ukikosa amri, shuku kwamba maneno yameunganishwa tu kama yalivyo: KATA + NI, KATANI. Kidokezo hiki nakipenda kuliko vyote. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 na mkoa wetu umeishi nao, katani ni neno la nyumbani, lakini jicho likiona "kata ni" linawaza panga au ofisi ya kata. Nafasi moja tu kati ya herufi ndiyo iliyolificha.

T ya KATANI inaanza 4 mlalo. Hapa napo hakuna amri, ila kuna maana mbili za neno moja, zilizounganishwa kwa "na". Kutanga ni kuzurura, na jahazi lina TANGA. G yake ni herufi ya tatu ya 3 wima: chukua BWAGA MOYO, toa W iliyo mwanzo wa "wimbo", unafika BAGAMOYO.

9 mlalo ni rahisi ukishaona "anayemficha". Pita juu ya nafasi: aliPWE ZAwadi. Mwenye mikono minane ni PWEZA.

Hatua ya nne: eleza

Kando ya kila jibu andika njia yake kwa ufupi: SAMAKI, vuruga, MASIKA; LIMA, kinyume, MALI. Kisha msomee mtu mwingine. Taja kwanza maana, pili amri, tatu herufi zilikotoka. Akiuliza "na neno hili je?" ukakosa la kumjibu, futa, hata kama jibu linapendeza. Kijiweni kwetu jibu lisilo na maelezo haliingii wino siku hizi, na mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo.

Mwalimu ameleta mraba mpya, na kidokezo chake cha kwanza nakuachia: Samaki sita kinyume (4).