Jinsi ya kushika majina ya misimu ya Kijerumani bila kukariri

Usikariri kama kasuku, anza na mzizi wa neno. Frühling, yaani msimu wa machipuo, imetoka kwenye früh, yaani mapema, ndo msimu unaokuja mapema kwenye mwaka, ila zamani walisema Lenz, neno lenye undugu na lang, refu, maana siku zinaanza kurefuka, aisee hili mi nalipenda sana. Herbst, msimu wa majani kupukutika, asili yake mavuno, ndugu wa harvest ya Kiingereza. Sommer (kiangazi) na Winter (msimu wa baridi) zishike tu hivohivo. Zote nne weka der mbele, kile kineno cha nomino za kiume. Sasa Tagundnachtgleiche inatisha ila ikate vipande: Tag mchana, und na, Nacht usiku, gleich sawa, ndo ile siku ya Machi na Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana, na hii inachukua die, kineno cha nomino za kike.