Somo: kuwasha mtambo mpya wa kukeneka nyumbani

Somo hili ni la mwenzangu aliyepata mtambo mdogo wa kukeneka (yaani kuchemsha, kisha kupoza mvuke ugeuke kimiminika tena) mafuta ya majani na maji ya harufu. Nakuomba mara ya kwanza usitie majani. Tia maji matupu. Mtambo mpya hujui bado unavuja wapi, na ni heri uvuje maji kuliko mafuta yanayoshika moto.

1. Kagua njia ya mvuke. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka ya namna gani. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke ukikosa pa kutokea, kifuniko huruka au chungu hupasuka. Puliza kwa mdomo upande wa kifuniko, pumzi isikike mwisho wa bomba. Usiweke koki wala kizibo mahali pa kutokea. Mdomo wa bomba usizame ndani ya chombo cha kukingia, maana ukizima moto mvuke uliobaki hupoa na kusinyaa, chungu kikafyonza maji kurudi ndani. Chungu chembamba chaweza hata kubonyea.

2. Tazama mtambo umetengenezwa kwa kitu gani. Shaba na chuma kisichoshika kutu ni sawa. Maungio yaliyolehemiwa kwa risasi, vyombo vilivyopakwa zinki na mipira isiyostahimili joto, kataa.

3. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe.

4. Tia maji yasiyozidi theluthi mbili ya chungu. Kabla ya moto, fungulia maji baridi ya kipoza (sehemu inayopoza mvuke ugeuke maji): yaingie chini, yatokee juu, ili kipoza kijae. Kisha anza na moto mdogo. Jiko la umeme ni bora. Watoto wasiwe karibu, na wewe usiondoke.

5. Mvuke ukianza kupita, sogeza kioo baridi karibu na kila ungio. Penye uvujaji kitafanya ukungu. Usipime kwa mkono. Mvuke unapochomoza hauonekani, na huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lake lote hapo hapo. Ukiona uvujaji, zima, subiri kipoe, ndipo uzibe kwa donge la unga wa ngano na maji. Mimi nalipenda donge kuliko gundi: mgandamizo ukizidi, donge huachia.

6. Endesha mpaka karibu nusu ya maji itoke. Matone yawe baridi au vuguvugu. Yakitoka ya moto, au ukiona mvuke mdomoni mwa bomba, punguza moto au ongeza maji ya kipoza. Chungu kisikauke kamwe. Wakati wa kuzima, moto kwanza, maji ya kipoza baadaye.

7. Rudia kwa sehemu moja ya siki na nne za maji, kisha maji matupu tena. Yote yaliyotoka mwaga.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, wangu ni wa shaba. Maji ya kwanza yametoka na rangi ya kijani-samawati. Umeharibika?
Jibu: Haujaharibika, ndugu. Hizo ni chumvi za shaba, na si za kunywa wala kupaka. Mwaga, rudia hatua ya siki mpaka maji yatoke meupe kabisa.

Swali: Naweza kuutumia kukeneka pombe?
Jibu: Nakushauri usifanye. Nchi nyingi zinakataza bila leseni. Tena ethanoli, yaani kileo chenyewe cha pombe, huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na moto. Na wapo wanaoamini kwamba ukimwaga matone ya kwanza methanoli, kileo chenye sumu, imekwisha. Si kweli, huendelea kutoka pamoja na ethanoli.

Swali: Nimefuata hatua zote, nikakeneka karafuu, lakini juu ya maji sioni mafuta.
Jibu: Tazama chini ya chombo, dada. Mafuta mengi huelea, ila ya karafuu ni mazito kuliko maji. Acha yatulie, kisha yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbali na jiko.