Somo: Kuigeuza chati ya wavuti iwe apu ya simu

Somo hili linamfaa mwenye mfumo wa kuchati unaotembea vizuri kwenye kivinjari, umejengwa kwa React au Vue na unatumia WebSocket. Tutaufunga kwa Capacitor, zana inayoufanya mfumo wa wavuti uwe apu ya simu, bila kuuandika upya. Kufunga kwenyewe hakuchukui muda. Kazi iko kwenye muunganisho, kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

Hatua ya 1: Kufunga

Jenga mfumo upate folda ya dist, kisha ndani ya mradi huohuo:

npm install @capacitor/core @capacitor/cli @capacitor/android
npx cap init
npx cap add android
npx cap sync

Kwenye capacitor.config hakikisha webDir ni dist. Kila ukigusa kodi ya programu, jenga upya na urudie cap sync, la sivyo simu itaendelea kuonyesha kodi ya jana. Kwa iPhone utahitaji Mac yenye Xcode, iwe yako au ya kukodi.

Hatua ya 2: Anwani

Ukurasa hautoki tena kwenye seva yako. Kwenye Android unatoka https://localhost, kwenye iPhone capacitor://localhost. Ziruhusu zote mbili kwenye seva. Anwani fupi kama /api/ujumbe ziandike nzima, ws:// igeuze iwe wss:// kwa sababu ws:// itazuiwa, na mtumiaji aingie kwa tokeni badala ya kuki.

Hatua ya 3: Muunganisho

Skrini ikizimwa, iOS huisimamisha apu baada ya muda mfupi tu, na Android ikiingia Doze (hali yake ya kuokoa betri) huikatia mtandao. Usishindane nazo; jenga ukijua soketi (muunganisho wa WebSocket) itakufa.

Mbaya zaidi ni soketi inayokufa kimyakimya. Mtu katoka kwenye Wi-Fi ya nyumbani, sasa yuko kwenye bando, na readyState bado inasoma 1, yaani iko wazi. Anaandika "nimefika stendi", anabonyeza tuma, ujumbe unaonekana kwake na hauendi kokote.

Dawa yake: kila sekunde 25 tuma ujumbe mdogo wa kupima. Kivinjari hakikupi amri ya ping, kwa hiyo utunge wako mwenyewe. Jibu lisiporudi ndani ya sekunde 10, iache soketi hiyo ufungue mpya. Usisubiri onclose, huchelewa. Apu ikirudi mbele (appStateChange ya @capacitor/app, isakinishe kwanza kwa npm), pima papo hapo. Ikishindikana, jaribu tena baada ya sekunde 1, 2, 4, 8, hadi 30, ukiongeza kila mara kipande cha muda cha nasibu ili seva inapowaka isivamiwe na simu zote kwa mpigo.

Ukishaunganika, tuma namba ya ujumbe wa mwisho ulioupokea, seva ikuletee uliokosa. Na kila ujumbe upewe UUID (kitambulisho cha kipekee) kwenye simu kabla ya kutumwa, seva ikiuona mara ya pili iupuuze. Ukiruka hili, ujumbe utajirudia kila mtandao unapoyumba.

Hatua ya 4: Arifa

Apu ikilala, ujumbe upitie huduma za arifa: FCM ya Google kwa Android na APNs ya Apple kwa iPhone. Kuanzia Android 13 lazima uombe ruhusa. Iombe mtu akishatuma ujumbe wake wa kwanza. Ukiiomba mlangoni, wengi hukataa.

Hatua ya 5: Mguso

Weka viewport-fit=cover, kisha ukipe kisanduku cha kuandikia nafasi ya env(safe-area-inset-bottom) kisifichwe na ukingo wa chini wa skrini. Herufi zake zisipungue 16px, la sivyo iPhone itaikuza skrini kila mtumiaji anapokigusa. Ongeza overscroll-behavior: none ili ukurasa usivutike kupita mwisho wake.

MASWALI

Mkuu, kwenye emuleta haiunganiki na seva iliyo kwenye laptopu yangu.

Ndani ya emuleta (simu ya kuigiza kwenye kompyuta) localhost ni emuleta yenyewe. Tumia 10.0.2.2. Kama seva haina cheti cha https, kwa majaribio tu weka androidScheme: 'http' na cleartext: true chini ya server.

Nikibonyeza kitufe cha kurudi nikiwa ndani ya chati, apu inafunga. Kwa nini?

Huenda hujaweka @capacitor/app, na bila hiyo kitufe hufunga apu hata kama kuna historia ya kurudia. Iweke, kisha tumia ruta (maktaba ya kubadilisha skrini inayotunza historia), au sikiliza backButton umrudishe mtumiaji kwenye orodha mwenyewe.

Gharama za kuipandisha zikoje, na ni kweli Apple huzikataa apu za hivi?

Google Play ni dola 25 mara moja, Apple dola 99 kwa mwaka. Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Play hudai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo, basi waandae mapema. Apple hukataa tovuti iliyofungwa tu, kwa kanuni yao ya 4.2. Arifa zikifanya kazi na chati za zamani zikafunguka bila mtandao, una hoja ya kuwaonyesha.