Somo: kuchapa samaki kwa wino, njia ya giotaku

Giotaku ni sanaa ya Kijapani ya kumpaka samaki halisi wino na kumhamishia kwenye karatasi. Chapa kongwe inayojulikana ni ya 1839, kutoka milki ya Shonai kaskazini mwa Japani, ambako samurai walihimizwa kuvua kama sehemu ya mazoezi yao. Mvuvi aliandika pembeni aina ya samaki, tarehe, mahali, jina lake, na mara nyingi jina la shahidi. Ilikuwa hati kabla ya kuwa pambo, na hapo ndipo ninapoipendea: kila gamba liko mahali pake, ukubwa uleule. Wanaoanza nawasihi watumie wino mweusi peke yake. Rangi huficha kazi mbovu.

1. Samaki. Tafuta mwenye mwili bapa na magamba yanayoonekana: changu, au sato kwa walio karibu na ziwa. Mwambie muuzaji asimpare wala kumpasua.

2. Utelezi. Msugue taratibu kwa chumvi na siki, kutoka kichwani kwenda mkiani, umsuuze, umkaushe. Ziba matamvua na tundu la haja kwa pamba, maana tone moja la maji litakalotoka ukishabonyeza litaharibu karatasi nzima.

3. Mapezi. Mlaze kwenye foma ngumu (povu gumu la plastiki) uliyoichonga shimo la umbo lake, ili mapezi yalale sawa na ubavu. Yatandaze, yashikize kwa pini, uyaache yakauke. Ukitoa pini yatabaki wazi.

4. Wino. Hapa ndipo chapa inapofia au kupona. Paka kwanza kutoka mkiani kwenda kichwani, wino uingie chini ya kingo za magamba, kisha rudi kichwani kwenda mkiani kuyalaza. Halafu chukua brashi kavu uondoe karibu nusu ya ulichopaka. Mkono utasita, lakini ondoa. Wino ukijaa, mistari kati ya magamba huzibwa na unapata kivuli cheusi chenye umbo la samaki. Jicho usiliguse kabisa. Lifute likiingia wino.

5. Karatasi. Wajapani hutumia washi, hasa ya nyuzi za kozo, mti wa jamaa ya mforosadi: nyembamba lakini haichaniki ovyo. Ukiikosa, tumia karatasi nyembamba yoyote inayonyonya. Ilaze, ishikilie kwa mkono mmoja, ubonyeze kwa ncha za vidole kuanzia katikati ya ubavu kwenda nje. Mapezi yawe ya mwisho. Inua kuanzia upande mmoja.

6. Jicho. Lichore kwa brashi ndogo, ukimtazama samaki mwenyewe. Acha kinukta cheupe cha mwanga.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, samaki wangu alielekea kushoto, kwenye karatasi ameelekea kulia. Nimekosea wapi?*
Hujakosea, ndugu yangu. Njia hii ya moja kwa moja hugeuza picha. Ipo nyingine: karatasi yenye unyevu hugandishwa juu ya samaki asiye na wino, kisha wino hugongwagongwa kwa juu kwa tampo, yaani kifundo cha pamba kilichofungwa hariri. Hiyo haigeuzi, na hutoa vivuli laini sana, ila inadai saa nyingi na subira.

*Shikamoo mwalimu. Tunaweza kumla baadaye?*
Marahaba. Wino wa ngisi unaliwa, huo ndio nakushauri. Wino wa dukani una kemikali, usijaribu. Hata ukitumia wa ngisi, samaki aliyekaa mezani kwenye joto hadi mapezi yakakauka hafai tena kwa chakula.

*Nimejaribu kibua, nimepata doa tu.*
Kibua ana magamba madogo mno na ngozi nyororo. Anza na changu, umrudie kibua mkono wako ukishazoea kupunguza wino.

*Dada, naweza kuchapa mara mbili bila kupaka tena?*
Fanya hivyo kila mara! Chapa ya pili hutoka hafifu, na kwenye samaki wa magamba makubwa mara nyingi ndiyo ninayoichagua. Ukitaka kujaribu zaidi, lalisha karatasi ileile juu ya samaki huyohuyo, ukiisogeza kidogo: ile hafifu itaonekana kama samaki wa pili aogeleaye nyuma ya wa kwanza.