Somo: Tumbili mtaani, anayewalisha, na njia ya kupata sheria ndogo

Wadau wa Dodoma, hasa mnaoishi jirani na vilima, tuzungumze. Tumbili anayejua kujitafutia ubuyu na ukwaju akishazoea kurushiwa ugali na ndizi, haogopi tena mtu. Anaingia kwa dirisha la jikoni, anajaza chapati mashavuni na kuondoka. Mtoto akimzuia, anang'atwa. Hapo ndipo watu hutafuta sumu, na anayekufa ni mnyama tuliyemzoesha wenyewe. Inaniuma sana.

Hatua ya 1: Funga chakula. Ndoo ya taka iwe na mfuniko, uufunge kwa mpira wa tairi. Makombo usimwage nyuma ya nyumba. Pumba za kuku na chakula cha mbwa visilale nje. Tumbili wakikosa walichozoea watasumbua zaidi kwa muda. Msilegee, maana nyumba moja ikiendelea kuwapa, mtaa mzima umerudi nyuma.

Hatua ya 2: Usiue, usitege. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda au kukamata bila kibali. Wakizidi, toa taarifa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri.

Hatua ya 3: Pelekeni hoja ya sheria ndogo ya kukataza kulisha tumbili. Anzeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, iingie kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa. Muhtasari uandikwe, uende kata, diwani aufikishe baraza la madiwani. Jiji lina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Rasimu hutangazwa wananchi watoe maoni, huidhinishwa na waziri, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Singapore walishafika huko: tangu Juni 2020, kulisha mnyamapori bila kibali ni kosa hata uani kwako.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jirani yetu bibi mmoja huwawekea makombo kwa huruma. Tumshtaki?*
Hapana, dada. Nenda kamwamkie, kaa naye, mweleze kwamba wanaozoea mikono ya watu ndio wanaopigwa mawe. Huruma yake ndiyo itakayomfanya aache.

*Mwanangu kakwaruzwa na tumbili jana, kidonda ni kidogo tu. Nifanyeje?*
Kaka, usisubiri. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa kidonda, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

*Faini ipangwe shilingi ngapi?*
Mkutano upendekeze, wanasheria wa jiji watasema kama inakubalika. Mimi ningeanza na onyo la maandishi.

*Na pimbi wa kwenye mawe?*
Nao vilevile, msiwape chochote. Majani yanawatosha.